PHAGSPA: MTAWA ALIYEIUNDIA DOLA HERUFI

Askari yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku penye kizuizi cha barabara anaufahamu uzito wa karatasi. Mtu hutokea gizani, hunyosha mkono, hutoa hati yake. Askari huisogeza penye taa na kuikagua. Je, mhuri huu ni wa kweli? Jina lililoandikwa hapa ndilo jina la huyu asimamaye mbele yangu? Amri hii imetoka kwa mkubwa, au imetungwa na mwongo? Herufi moja ikisomwa visivyo, asiye na hatia aweza kulala korokoroni, na mhalifu akaenda zake salama.

Zaidi ya miaka 700 iliyopita fikira hii ilimkaa moyoni mtawala mmoja mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake huko Asia. Huyo alikuwa Khubilai Khan, mjukuu wa Chinggis Khan. Chini ya mamlaka yake walikuwamo Wamongolia, Wachina, Watibeti, Wauiguri na mataifa mengine mengi, na kila taifa lilikuwa na lugha yake na namna yake ya kuandika. Khubilai alitaka aina moja ya herufi iwezayo kuandika lugha zote hizo, ili amri ikiandikwa makao makuu isomwe vilevile mpakani. Kazi hiyo hakumpa jemadari wala waziri. Alimpa mtawa wa Kitibeti mwenye umri wa miaka 25, ambaye aliletwa kwa Wamongolia angali mtoto, karibu sawa na mtu aliyewekwa rehani. Jina lake ni Phagspa, na maisha yake ndiyo tutakayoyasimulia leo.

MTOTO WA SAKYA

Phagspa alizaliwa mwaka 1235 katika ukoo wa Khon, ambao ndio uliosimamia nyumba ya watawa ya Sakya nchini Tibet. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1073 mahali penye udongo wa rangi ya kijivu, na jina Sakya maana yake ni udongo huo. Jina la utawa la mtoto huyu lilikuwa Lodro Gyaltsen. Lakini kwa kuwa aliweza kuyasoma kwa moyo maandiko ya dini yaliyo marefu na magumu akiwa bado mdogo sana, watu walistaajabu wakamwita Phagspa, maana yake Mtukufu. Jina hilo la sifa ndilo lililodumu, na la kwanza likasahauliwa na wengi.

Baba yake alifariki mwaka 1239, mwaka ule ule aliozaliwa mdogo wake, Chakna Dorje. Watoto hao wakabaki katika malezi ya baba yao mkubwa, Sakya Pandita. Mzee huyu alikuwa mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa nchi yake kwa wakati ule. Alijifunza kwa walimu waliotoka Kashmir na Bara Hindi, akakimudu Kisanskriti, lugha ya kale ya elimu na ibada, akatunga vitabu juu ya sarufi, mantiki na adabu. Neno Pandita lenyewe ni la Kisanskriti, nalo hupewa mtu aliyebobea katika elimu.

Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana ndilo litakaloeleza mengi ya mbele. Phagspa alikua karibu na mtu aliyezijua herufi ndani na nje. Katika elimu ya Kisanskriti, herufi hazikupangwa ovyo. Hupangwa kwa kufuata mahali sauti inapozaliwa kinywani: kwanza zile za nyuma karibu na koo, kisha za kaakaa, kisha za meno, kisha za midomo. Mtoto aliyejifunza mpango huo alikuwa amejifunza pia jinsi kinywa cha binadamu kinavyofanya kazi, awe anasema lugha gani.

SAFARI YA KWENDA KWA WASHINDI

Mwaka 1240 jeshi la Wamongolia liliingia Tibet. Lilitumwa na Godan, mjukuu mwingine wa Chinggis Khan, nalo likaongozwa na jemadari aitwaye Doorda. Monasteri ya Reting ikateketezwa kwa moto na watawa wengi wakauawa. Watibeti wa wakati ule hawakuwa na serikali moja wala jeshi moja. Kila bonde lilikuwa na bwana wake, na kila monasteri ilijitegemea. Hapakuwa na nguvu ya kulizuia jeshi lile. Likatenda lililotaka, kisha likarudi lilikotoka, nyuma yake ikabaki hofu.

Mwaka 1244 ikafika Sakya barua ya Godan ikimwita Sakya Pandita aende kwake. Ilikuwa na maneno ya heshima, na pamoja nayo zawadi. Lakini ndani yake mlikuwamo pia tishio ambalo kila aliyeisikia alilielewa. Mzee alikuwa na umri wa miaka 62. Angaliweza kusingizia uzee, lakini alijua ni nani watakaolipia udhuru wake. Akafunga safari, akawachukua na watoto wa ndugu yake: Phagspa mwenye miaka 9, na Chakna Dorje mwenye miaka 5.

Safari ilikuwa ndefu, kwa miguu na kwa wanyama, kupita milima yenye theluji. Walifika Liangzhou, mji ambao leo huitwa Wuwei, katika jimbo la Gansu nchini Uchina, mwaka 1246. Godan hakuwapo, maana alikuwa amekwenda kumtawaza Khan Mkuu mpya. Wakamngoja hata mwaka 1247 ndipo wakaonana naye. Baada ya mazungumzo, Sakya Pandita akawaandikia wakuu wa Tibet waraka wa kuwashauri wakubali kutii na kulipa kodi, kwa kuwa vita vile wasingeviweza. Wapo wanaouhesabu waraka huo kuwa ni busara iliyookoa roho za watu, na wapo wanaouhesabu kuwa ni mwanzo wa utumwa. Lakini aliyeuandika alikuwa ameziona kambi zile kwa macho yake, na alijua nyuma yake kuna watu wasio na silaha.

Watoto wakalelewa huko huko. Mdogo alivishwa mavazi ya Kimongolia, na baadaye akaozwa binti wa Godan. Mkubwa aliendelea na masomo ya utawa. Mwaka 1251 Sakya Pandita akafariki ugenini. Phagspa, kijana wa miaka 16, akawa mkuu wa ukoo na wa madhehebu ya Sakya, akiwa mbali na nyumbani kwa mwendo wa miezi mingi, katikati ya jeshi la watu waliowahi kuchoma monasteri za nchi yake.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Mwaka 1253 Khubilai, ambaye wakati huo alikuwa bado mwana wa mfalme anayemtumikia kaka yake Mongke, alikuwa katika vita dhidi ya ufalme wa Dali, kusini-magharibi ya Uchina. Wakati huo ndipo alipomwita Phagspa. Yasimuliwa kwamba mkewe Khubilai, Bibi Chabi, ndiye aliyevutwa kwanza na mafundisho ya kijana huyu, kisha akamshawishi mumewe naye ayapokee.

Hapo likazuka suala ambalo wanajeshi watalielewa mara moja: nani akae kiti cha juu? Kwa desturi ya dini yao, mwanafunzi hukaa chini ya mwalimu. Kwa desturi ya utawala, hakuna awezaye kukaa juu ya mtawala mbele ya maofisa na askari wake. Wakapatana hivi: wakiwa faraghani kwa ajili ya mafundisho, lama atakaa juu; penye hadhara ya watu na shughuli za dola, Khubilai atakaa juu. Na katika mambo ya Tibet, Khubilai hatatoa amri bila kushauriana na mwalimu wake. Kwa mapatano hayo kila mmoja aliilinda heshima yake bila kuvunja ya mwenzake.

Mwaka 1258 palifanyika mjadala mkubwa mbele ya Khubilai kati ya wafuasi wa Buddha na wafuasi wa dini ya Kitao, kuhusu vitabu ambavyo upande mmoja ulidai vimeghushiwa. Kila upande ulileta watu 17. Phagspa alikuwa na miaka 23 tu, lakini hoja zake zilikuwa miongoni mwa zilizowashinda Watao. Walioshindwa walinyolewa nywele wakafanywa watawa wa Buddha, na vitabu vilivyohukumiwa kuwa vya uongo vikateketezwa. Toka hapo Khubilai alijua kwamba mtu huyu anaijua dini, na pia anajua kulichunguza andiko kama hakimu achunguzavyo ushahidi.

AMRI YA KHUBILAI

Mwaka 1260 Khubilai alitangazwa kuwa Khan Mkuu. Katika mwaka huo huo alimpa Phagspa cheo cha Mwalimu wa Taifa, pamoja na mhuri wa jiwe la thamani. Kisha akamwamuru aunde herufi mpya.

Kwa nini herufi mpya zilihitajiwa? Wamongolia walikuwa na maandishi tangu zama za Chinggis Khan. Mnamo mwaka 1204 walipowashinda Wanaimani, walimkamata mtunza mhuri wa mfalme wao, Muuiguri aitwaye Tata-tonga. Chinggis alipofahamu kazi ya mhuri na maandishi, alimwamuru awafundishe watoto wake. Basi Wamongolia wakaandika kwa herufi za Kiuiguri, ambazo asili yake ni Mashariki ya Kati.

Lakini herufi zile zilikuwa na upungufu. Alama moja yaweza kusomwa t au d. Alama nyingine yaweza kuwa o au u. Mwenye kuijua lugha hubahatisha kwa kufuata maana, lakini jina la mtu au la mji mgeni halina maana ya kumsaidia msomaji. Sisi Waswahili hatuwezi kuushangaa upungufu huo. Mababu wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na alama tatu tu za irabu, hata neno kuku na neno koko yakaandikwa namna moja. Wenyeji waliyasoma bila taabu, mgeni alikwama. Ama kwa Kichina, matatizo yalikuwa ya aina nyingine. Maandishi yake ni alama maelfu kwa maelfu, kila moja ikisimamia neno au sehemu ya neno, na ofisa wa Kimongolia aliyekulia juu ya farasi hakuwa na miaka kumi ya kuzikariri.

KUTOKA BARA HINDI HADI KAMBINI

Phagspa hakuanza kwa ukurasa mtupu. Alianza na herufi za kwao, nazo zilikuwa zimetoka Bara Hindi. Katika karne ya 7, zama za Mfalme Songtsen Gampo, Watibeti walichukua maandishi ya Kihindi yaliyotumiwa kuandikia Kisanskriti wakayafanya yafae kwa lugha yao. Mapokeo yanamtaja waziri Thonmi Sambhota kuwa ndiye aliyetumwa huko kujifunza.

Siri ya maandishi hayo ni nyepesi kwa mtu aliyefundishwa kusoma Kiswahili kwa silabi. Sisi huandika k, kisha tukaongeza a, e, i, o au u. Katika mwandiko wa Kihindi, herufi ya k ikisimama peke yake husomwa ka. Irabu a imo ndani yake bila kuandikwa. Ukitaka ki, ke au ku, huongeza alama ndogo juu, chini au pembeni ya herufi.

Watibeti walipoupokea mwandiko huo, walifanya kazi ya mshona nguo anayepewa vazi la mtu mwingine. Palipozidi walipunguza: herufi za sauti ambazo Kitibeti hakina, kama vile bh na dh za pumzi nzito, waliziacha. Palipopungua waliongeza: kwa sauti za ts na dz, ambazo Kisanskriti hakikuwa na herufi zake, walichukua herufi za sauti zilizo jirani wakazitia kijimstari juu. Wakapata herufi 30 na alama 4 za irabu.

Phagspa alirudia kazi hiyo hiyo, lakini mzigo wake ulikuwa mzito zaidi, maana hakushona kwa mwili mmoja. Kimongolia kina sauti ya k itokayo kooni ambayo Kitibeti hakina, akaitafutia herufi. Kimongolia kina irabu nyingi kuliko Kitibeti, akazitafutia njia. Kichina kina sauti zake, mathalani f. Hiyo nayo ikapatiwa alama. Alipomaliza alikuwa na herufi 41 za msingi, na mpangilio wake ukafuata ule wa kale wa Kisanskriti, kutoka kooni hadi midomoni.

Kisha palikuwa na shauri la mwelekeo. Kitibeti huandikwa kwa mistari ya kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, na alama za irabu huwekwa juu au chini ya herufi. Wamongolia walizoea kuandika kwa mistari ya kusimama, kutoka juu kwenda chini. Phagspa aliufuata mwelekeo waliouzoea Wamongolia. Lakini katika mstari wa kusimama hakuna nafasi ya kuweka irabu juu au chini. Basi akaishusha irabu kutoka begani mwa herufi, akaiweka ndani ya mstari, baada ya konsonanti yake. Irabu a peke yake ndiyo iliyobaki kama zamani, isiyoandikwa. Herufi zenyewe akazipa umbo la mraba lenye pembe kali, kama mhuri, na kila silabi akaitenga na mwenzake kwa nafasi. Kwa sababu ya umbo hilo, Wamongolia huziita hata leo herufi za mraba.

HERUFI ZINAINGIA KAZINI

Mwaka 1265 Phagspa alikwenda Sakya, akaiona nchi yake kwa mara ya kwanza tangu utoto. Alirudi kwa Khubilai na kazi iliyokamilika. Mwaka 1269 amri ikatolewa: tangu hapo nyaraka zote za dola zenye mhuri ziandikwe kwa herufi mpya, na kila waraka uambatane na nakala kwa maandishi ya wenyeji. Mwaka huo huo zikaanzishwa shule za kufundisha herufi hizo mikoani. Mwaka uliofuata Phagspa akapandishwa kuwa Mwalimu wa Mfalme Mkuu, cheo cha juu kabisa ambacho mtu wa dini angeweza kupewa katika dola ile.

Wasomaji wetu watapenda zaidi kujua herufi hizi zilivyotumika katika ulinzi. Dola ya Wamongolia ilishikamana kwa njia ya vituo vya farasi. Tarishi wa mfalme alifika kituoni, akabadilisha farasi, akala, akaendelea. Njia ya namna hiyo ilipelekwa hadi Tibet, ikiwa na vituo 27 mpaka Sakya. Lakini mkuu wa kituo angemjuaje tarishi wa kweli? Kwa kibao cha amri. Kilikuwa kibao cha chuma, cha fedha au cha dhahabu, ambacho mjumbe alikichukua mwilini. Vingine vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na maneno yake yamechorwa kwa herufi za Phagspa. Yanataja nguvu ya Mbingu za Milele, yanaiita amri ya mfalme kuwa takatifu, na kumwonya asiyeiheshimu kwamba atapata adhabu. Aliyekinyima kibao hicho farasi au chakula alijua anachokitafuta. Vimepatikana pia vibao vya doria ya usiku vyenye maandishi ya aina kadhaa pamoja, ili mwenye zamu, wa taifa lolote, asiwe na udhuru wa kutokuelewa.

Herufi hizo zilichongwa katika mihuri ya maofisa, zikapigwa kwenye sarafu, zikachapwa kwenye noti za karatasi, zikachorwa juu ya mawe yaliyosimamishwa penye mahekalu ili watoza kodi wasome wenyewe kwamba mahali hapo pamesamehewa kodi. Kwa mara ya kwanza huko Mashariki ya Asia, serikali ilijaribu kuandika sauti za lugha zake mbalimbali kwa mfumo mmoja.

WALIOTII NA WALIOKAIDI

Hata hivyo haifai kuficha kwamba amri hii ilitiiwa nusunusu. Makarani wa Kichina waliendelea na maandishi yao. Kichina ni lugha ambayo neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na herufi mpya hazikuonyesha tofauti hiyo. Mtu aliweza kuitamka silabi sawasawa asijue ni neno gani. Makarani wa Kimongolia nao waliuona mwandiko wa mraba kuwa mzito mkononi, wakarudia mwandiko wa Kiuiguri unaokwenda kwa haraka. Amri zilirudiwa mara kwa mara, na wana wa maofisa wakahimizwa kwenda shule. Mkubwa akilazimika kuitoa amri ile ile mara nyingi, ni dalili kwamba haifuatwi.

Kosa halikuwa la hesabu ya herufi. Wachunguzi wa lugha wa leo wanausifu mfumo huo kwa jinsi ulivyozitenganisha sauti vizuri kuliko ule wa Kiuiguri. Kosa lilikuwa kwamba dola iliweza kumlazimisha karani kuandika herufi mpya penye mhuri, lakini haikuweza kumlazimisha kuandika kwazo barua kwa mama yake. Phagspa aliwapa watu chombo kizuri. Kukitaka chombo hicho ni jambo ambalo hakuweza kuwapa.

MIAKA YA MWISHO

Phagspa hakuwa mtu wa herufi peke yake. Mwaka 1260 alipotakiwa kuwapata mafundi wa kujenga mnara wa ibada wa dhahabu, waliletwa mafundi 80 kutoka Nepal wakiongozwa na kijana wa miaka 17, Anige. Phagspa alikitambua kipaji chake, akamwombea nafasi kwa Khubilai, na Mnara Mweupe alioujenga Anige ungali umesimama mjini Beijing. Yasimuliwa pia kwamba Khubilai alitaka kutoa amri ya kuwalazimisha Watibeti wote wafuate madhehebu ya Sakya. Phagspa, ambaye angefaidika kuliko mtu yeyote, alikataa, akamshauri aache kila mmoja afuate njia yake. Ikiwa habari hii ni kama ilivyosimuliwa, basi aliyekulia chini ya kivuli cha nguvu alikuwa amejifunza mpaka wa nguvu.

Mwaka 1276 alirudi Sakya kwa mara ya mwisho, akisindikizwa na mwana wa Khubilai, Zhenjin, ambaye alimwandikia kitabu cha mafundisho mwaka 1278. Mwaka 1277 alikusanya mkutano mkubwa wa watawa huko Chumig. Lakini mambo ya ndani hayakuwa shwari. Nchi ilikuwa imehesabiwa watu na kutozwa kodi, na mamlaka ya kidunia yalikuwa mikononi mwa msimamizi mkuu. Msimamizi wa wakati huo, Kunga Zangpo, alikuwa amegombana naye.

Mwishoni mwa mwaka 1280 Phagspa alifariki Sakya, mwenye umri wa miaka 45. Uvumi ukaenea kwamba amepewa sumu. Khubilai akapeleka jeshi chini ya ofisa wake Sangge, na mwaka 1281 Kunga Zangpo akauawa. Kama kweli alikuwa na hatia, hakuna ushahidi uliotufikia wa kulithibitisha hilo. Aliyetumia ujana wake kuhakikisha kwamba amri husomwa bila makosa alikufa kifo ambacho sababu yake haikuandikwa kwa hakika.

KILICHOBAKI

Utawala wa ukoo wa Khubilai juu ya Uchina ulianguka mwaka 1368, na herufi za mraba zikaanguka pamoja nao. Hazikufa kabisa. Huko Tibet ziliendelea kuchongwa katika mihuri ya wakuu kwa karne nyingi. Huko Juyong, kaskazini ya Beijing, lipo lango la mawe lililojengwa kati ya mwaka 1342 na 1345 penye njia nyembamba ya milimani, mahali pa ulinzi tangu kale. Kuta zake zimechorwa maandiko ya dini kwa maandishi ya aina sita: ya Kihindi, Kitibeti, Kiuiguri, Kichina, Kitanguti, na herufi za Phagspa. Lango hilo lingalipo. Humo mtu aweza kuona kwa jicho moja mwandiko wa Kihindi, mtoto wake wa Kitibeti, na mjukuu wake wa mraba.

Wako pia wataalamu wanaofikiri kwamba herufi za Kikorea, zilizotangazwa mwaka 1446, zilifaidika na fikira za Phagspa. Wengine hawakubali, na ubishi haujesha. Lililo hakika ni kwamba leo mtu akitaka kujua Wachina wa zama zile walitamka vipi maneno yao, hulifungua kamusi la mwaka 1308 lililoandika Kichina kwa herufi hizo. Zile alama ambazo makarani walizidharau zimegeuka kuwa shahidi wa sauti zilizonyamaza. Na mwaka 2006 ziliingizwa katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta.

Kimebaki kitu kingine kidogo. Katika mchanga wa Turfan, magharibi ya Uchina, vilipatikana vipande vya kitabu cha kale kilichochapwa kwa lugha ya Kimongolia na kwa herufi za mraba. Kilipotambuliwa, kikaonekana kuwa ni kitabu cha maneno ya hekima cha Sakya Pandita, yule mzee aliyemshika mkono mtoto wa miaka 9 akampeleka kwa washindi. Maneno ya mlezi yaliandikwa kwa herufi za mtoto aliyemlea, katika lugha ya jeshi lililowaogopesha wote wawili.

Basi ndugu msomaji, utakaposhika tena hati ya mtu penye zamu yako, kumbuka kwamba kila herufi iliyomo ilitafutiwa mahali pake na mtu fulani kwa kazi ngumu, ili wewe usihitaji kubahatisha. Isome mpaka mwisho kabla ya kumwita mtu mwongo.